Migebuka wa Milioni Arobaini

Dadi hakuwahi kuvua hata dagaa mmoja, lakini watu wa Ujiji walijua kwamba akikaa karibu yako dakika kumi, unainuka umepungukiwa na kitu. Asubuhi hiyo alikuwa barazani anakunywa kahawa, redio ikibishana. Wapo waliotaka kila anayeuza picha au kinyago cha bei kubwa aandike kamuuzia nani, na mnunuzi aseme fedha kaitoa wapi. Wengine wakasema huko ni kuwanyonga wasanii.

"Wivu tu!" Dadi alifoka, mtu ambaye hajanunua hata kalenda. "Picha waiache! Mtu akisema nimeuza arobaini, ni arobaini. Nani ataipima kwenye mizani?"

Wote walicheka, ila mmoja. Mzee Alphonce, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wachuuzi wa dagaa pale Kibirizi, alishusha kikombe taratibu. Mwaka jana alitangaza kwamba fedha ya jokofu la kikundi imezama ziwani pamoja na boti. Mwaka huu kaanza ghorofa Gungu. Dadi aliona kikombe kinavyoshuka, akanusa biashara.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lina jina: Hadija, mke wake, katibu wa kikundi hichohicho. Alishamwambia waziwazi, "Matapeli wa mji huu nawavumilia, maana nimeolewa na mkubwa wao. Lakini siku ukigusa cha wenzangu, narudi kwa kaka zangu Kasulu." Na Hadija akitaja Kasulu, ujue nauli ameshaiulizia.

Dadi akajifungulia kesi kichwani, akajihukumu mwenyewe, akajiachia huru: yeye hagusi cha akina mama, anagusa cha Alphonce.

Alikwenda kwa Zuhra, mchoraji wa majina ya boti, akanunua picha ya migebuka watatu kwa elfu thelathini, baada ya kulilia ishirini na tano akakosa. Kabla ya adhuhuri alikuwa anagonga mlango wa Alphonce, Gungu.

"Mwakeye, Mzee wangu," Dadi alisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye. Sinunui kitu."

"Muuzaji ni wewe, Mzee. Picha hii ni yako, urithi wa babu. Leo umeiuza milioni arobaini. Akina mama wakiuliza ghorofa inakula nini, waambie inakula migebuka."

Mzee aliwatazama samaki. "Huyu wa katikati ana makengeza."

"Ndiyo bei yenyewe hiyo! Ushauri wangu milioni mbili tu."

"Na mnunuzi nani?"

"Mzungu. Kaja, kanunua, kaondoka."

"Wewe kijana, hapa hata mbuzi hauzwi bila hati. Tunataka mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili, na muhuri. Huyo mzungu wako ana kitambulisho?"

Milioni mbili zilikuwa tayari mezani, zimefungwa kwenye gazeti. Dadi alilitazama gazeti, gazeti nalo likamtazama.

"Basi niandikwe mimi," alisema.

Mwenyekiti alimtazama Dadi, akatazama picha, akamtazama Dadi tena. Lakini kazi yake ni kugonga muhuri, kuuliza hakulipwi. Akagonga.

Habari ilipanda bodaboda, Dadi akaja kwa miguu. Alipofika nyumbani Rusimbi, picha kwapani na gazeti ndani ya shati, Hadija alikuwa mlangoni na nakala ya hati mkononi.

"Karibu, tajiri. Milioni arobaini umempa Alphonce. Ulizitoa wapi?"

Dadi alitafuta uongo. Alikuwa nao mwingi, lakini kila alioushika ulimdai milioni arobaini.

"Sina hata senti, Hadija. Ni karatasi tu."

"Kwa hiyo hizo alizonazo Alphonce..."

"Anazo tangu mwaka jana."

Hadija alijifunga khanga kiunoni, akaikunja hati, akanyoosha mkono hadi gazeti likatoka ndani ya shati. Kasulu hakuitaja, na hilo ndilo lililomtoa Dadi jasho.

Saa tisa akina mama thelathini walijaa uani kwa Alphonce, mwenyekiti akiwa mbele na muhuri wake mfukoni.

"Hongera Mzee, picha imelipa," alisema Hadija. "Tulikuwa tunakuonea huruma kudai. Sasa huna shida, turudishie ya jokofu."

Alphonce alifungua mdomo. Akisema mauzo ni ya uongo, ghorofa inabaki bila baba. Akisema ni ya kweli, fedha anayo, na muhuri unamshuhudia. Akafunga mdomo, akafungua sanduku.

Dadi alishinda kibarazani akizihesabu nguo za Hadija kwenye kamba. Zote zilikuwapo, lakini kamba si mkataba. Mke wake alirudi jua likiwa bado juu ya ziwa.

"Unaondoka?"

"Niende wapi, na mume wangu ndiye mwenye picha ghali kuliko zote Kigoma?" Akakaa. "Zile milioni mbili zimeingia kikundini. Mimi nabaki. Ila kila kinachoingia humu ndani utaniambia kimetoka kwa nani, kwa kazi gani, na nani aliona."

Redioni bado walikuwa wanabishana. Nyumbani kwa Dadi sheria ilianza kutumika siku hiyohiyo.

Kesho yake alileta kilo mbili za sukari.

"Kwa nani?"

"Kwa Abdulatif, dukani. Nimembebea magunia."

"Shahidi?"

Dadi aliweka sukari chini, akavaa kandambili, akatoka kwenda kumwita Abdulatif.