Kanuni za Kiuthi kwa Mashine Isiyojua Adabu

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kabati, Kitui.

Hakuna mteja tangu asubuhi hapa kwenye saiba yangu, duka la intaneti. Siku hizi kila mtu ana saiba yake mfukoni. Nikakaa peke yangu katikati ya kompyuta zangu nikisoma habari za watu wa mbali, na hapo ndipo nilipoliona tangazo. Watafiti wa chuo kikuu fulani wanakusanya kanuni za michezo kutoka kila pembe ya dunia. Wanatengeneza mashine ambayo haifundishwi mchezo wowote. Unaipa kanuni tu, inazisoma, inafikiri, inacheza. Leo dama, kesho mchezo ambao haijawahi kuusikia. Kanuni zikikubaliwa zinawekwa hadharani ili watafiti wa kila nchi wazitumie, na jina la aliyezileta linabaki pale pale juu.

Jina langu! Nyamai wa Kabati!

Nitapeleka kiuthi. Mashimo na mbegu. Unapanda mbegu ukizunguka, unakula za mwenzako. Tulikuwa tukicheza utotoni kule Tseikuru, mimi na kaka yangu Musyimi, kwenye mwamba nyuma ya zizi la mbuzi. Nilikuwa bingwa. Sikumbuki kama niliwahi kushindwa. Ningempigia Musyimi anikumbushe kanuni mbili tatu, lakini atataka jina lake liwepo pia. Bora ninyamaze.

Nimetundika kibao mlangoni: MTAFITI WA AKILI MNEMBA. Mke wangu Mutindi angekuwa hai angeniuliza nani atakisoma.

Jumatano, 6 Agosti.

Jibu limekuja. Limeandikwa na mtafiti anayeitwa Zulekha, mwenye adabu sana. Ananiita Bwana Nyamai. Wamefurahi, hakuna mtu aliyewahi kuwaletea kiuthi. Ila kuna jambo dogo. Mashine ilijaribu kucheza. Mchezaji wa kwanza alipanda, akala, akapanda tena, akala tena, mpaka mchezo ukaisha. Wa pili hakugusa mbegu hata moja. Sikuandika kwamba watu hupokezana zamu.

Nilidhani hilo linajulikana. Mtu yeyote aliyelelewa vizuri analijua. Zulekha anasema mashine haijui chochote ambacho hakikuandikwa. Lazima useme nani anaanza, nani anafuata, hatua gani ni halali, mchezo unaisha lini, na nani ameshinda.

Nimeongeza zamu. Lakini siku nzima nimemuwaza yule mchezaji wa pili. Amekaa tu pale. Hakuna hata aliyemwambia aende nyumbani.

Alhamisi, 7 Agosti.

Kuna mtu amekisoma kibao. Kwa bahati mbaya ni Abdulatif, jirani yangu wa duka la magodoro. Babu zake walitoka Lamu na hajawahi kuacha kulisema. Akauliza kibao kina maana gani. Badala ya kunyamaza, nikamweleza kila kitu, nikitumia maneno makubwa. Akasikiliza, akakuna ndevu, akasema basi na yeye atapeleka bao la kwao.

Nyamai, mdomo wako!

Hata hivyo nilihitaji mtu wa kujaribu kanuni zangu, na hakuna mwingine. Nikapanga trei za mayai ziwe mashimo, nikaleta maharagwe, nikamkaribisha bila kusema ni ya nini. Nilianza mimi. Nikashinda. Nikaanza tena. Nikashinda tena. Abdulatif aliyatazama maharagwe kwa muda.

"Jirani," akasema, "mbona mchezo wako unafurahisha mtu mmoja tu?"

Wivu huo.

Jioni nyumba yake ilijaa. Mkewe Mwanamkasi amewaita shemeji zake kutoka Mwingi waje wakubaliane juu ya kanuni za bao. Wanabishana! Mmoja anasema hivi, mwingine anaapa sivyo, kisha wote wanacheka. Ukuta wetu ni mabati tu. Abdulatif akaniita nikale pilau. Nikajibu kwamba nina kazi nyingi ya utafiti. Nikala muthokoi wa jana, mahindi yangu ya kukoboa, redio nimeizima ili niwasikie vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti.

Bao la Abdulatif limekubaliwa. Mara ya kwanza tu! Ameweka majina ya ukoo mzima, mpaka mama mkwe.

Kiuthi changu kimerudi. Mashine imecheza yenyewe kwa yenyewe mara nyingi kuliko binadamu wote wa Kitui. Anayeanza anashinda. Daima. Zulekha anasema mchezo wa aina hiyo hauwafai, na pengine kuna kanuni imesahaulika. Kisha ameandika: "Samahani kwa swali hili. Mlipokuwa mkicheza, ni nani aliyekuwa akianza?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira. Nikakumbuka. Mimi. Kila siku, mimi.

Nikampigia Musyimi. Hatujazungumza tangu mazishi ya Mutindi, na wala hatukukosana. Ilitokea hivyo tu. Aliposikia sauti yangu aliuliza ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nauliza habari za kiuthi. Alicheka hadi akakohoa.

"Wewe ulikuwa unalia ukianza wa pili," akasema. "Kwa hivyo nikakuachia uanze. Na kuna kanuni ya kumzuia anayeanza asile upesi. Hiyo nikaitoa."

Nikamwomba anisomee hiyo kanuni, niko na kalamu. Akakataa. Kiuthi hakisomwi kwa simu, akasema. Njoo tucheze.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nilienda Tseikuru jana. Mpango wangu ulikuwa mzuri: simu kwenye mfuko wa shati, inarekodi kimya kimya, nichukue kanuni zote bila yeye kujua zinakwenda wapi.

Musyimi amezeeka. Alitoka zizini taratibu, mkono kiunoni. Nilipofika kwenye mwamba niliona mashimo yamefagiliwa, mbegu ziko tayari kwenye kibuyu, na viti viwili vimewekwa. Nadhani aliamka na kazi hiyo.

Akacheza kama mtu mzima. Nikashindwa. Tukarudia, nikashindwa. Kila alipokula mbegu zangu alinieleza kwa nini, akitabasamu, wala hakunidharau. Watoto wake wote wako Emali na Nairobi. Anasema mbuzi wanamsikiliza, lakini hawajibu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia ukweli miaka yote hiyo.

"Ungekasirika, ungeacha kucheza," akasema. "Na mimi ningecheza na nani?"

Nikajifanya nahesabu mbegu.

Aliniomba nikae siku mbili tatu, tucheze kidogo, tule mbuzi. Nikasema wateja wananisubiri. Alinisindikiza mpaka barabarani, akabaki amesimama. Sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nasikiliza nilichorekodi. Mbuzi watupu. Mbuzi, na mimi nikisema haiwezekani. Bahati nzuri, kanuni yenyewe niliishika kichwani kila nilipoliwa mbegu.

Wateja hawakuwepo.

Alhamisi, 14 Agosti.

Kiuthi kimekubaliwa! Kanuni ya Musyimi imetengeneza kila kitu. Sasa mashine wakati mwingine inashinda ikianza, wakati mwingine inashindwa, na Zulekha anasema ni mchezo mzuri mno.

Ameuliza kama kuna mtu mwingine wa kutajwa. Nimefikiria sana. Nimeandika: Nyamai, kwa msaada wa ukoo. Ni heshima ya kutosha.

Musyimi alipiga simu kuuliza nitarudi lini. Nikamwambia kazi ikipungua.

Jumapili, 17 Agosti.

Nimegundua kosa langu. Kosa lilikuwa kutumia mchezo wa watu wengine! Ukipeleka mchezo wa wote, lazima uwaulize wote. Nimebuni wangu mwenyewe, tena mkubwa. Hauchezwi na watu wawili. Unahitaji wanne, la sivyo hauendi. Nimewaambia watafiti kwamba tayari unachezwa sana huku kwetu.

Ili isiwe uongo, nimepanga viti vinne kuzunguka meza na nimeshinda mchana kutwa nikihama kiti kimoja hadi kingine. Kiti cha kwanza kinacheza vibaya. Cha nne ni mjanja, simwamini.

Saa kumi hivi Abdulatif aligonga mlango. Wako kwake wanacheza ludo, akasema, na wamebaki watatu, mtu mmoja amepungua. Kama nipo, nije. Chai iko tayari.

Nilitulia kabisa. Nilikuwa katikati ya kanuni ngumu: mchezaji asipofika, wengine wafanye nini? Mashine haiwezi kubahatisha jambo kama hilo. Abdulatif akagonga tena, akasubiri, kisha nikasikia viatu vyake vikirudi kwao.

Afadhali. Sasa ni zamu ya kiti cha tatu.