Kalamu ya Kijani ya Fundi Kioo

Fundi Kioo alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Wenzake wakiletewa gari lililoliwa na kutu, walipoteza siku nzima kusugua kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, wakapaka dawa, wakasubiri ikauke, ndipo wakafikiria rangi. Yeye aliona huo ni ushamba. Penye tundu alisokomeza gazeti, juu yake puti ya kuzibia, juu ya puti rangi, na gari likatoka linang'aa. Kutu ilizikwa ikiwa hai, ikafufuka baada ya mvua mbili tatu, na mteja akirudi Kioo hapatikani.

Gazeti lenyewe hakulisokomeza hivi hivi. Kwanza alijaza chemsha bongo, ile ya visanduku, kwa kalamu ya kijani aliyoichomeka sikioni kutwa. Msomi yule.

Asubuhi moja aliona kigari chekundu nje ya duka la dawa, kimebandikwa karatasi: GARI LINAUZWA. Bodi safi, haina hata mkwaruzo. Mwenyewe, muuguzi mstaafu mwenye miwani minene, alikaa kwenye benchi akifuma kitambaa. Kioo akameza mate. Alikuwa anaishi na mkewe chumba cha uani kwa mama mkwe, mke keshachoka, na mwenye saluni wa mtaa wa pili alikuwa anatafuta gari la aina hii hii. Akimuuzia huyo, wanahama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hili gari nani alikuuzia?" Akapitisha kiganja chini ya mlango, akakitoa kimejaa unga wa kutu. Unga huo, naomba ieleweke, alitoka nao nyumbani. "Pole sana. Ndani limeoza lote. Hapa umeuziwa magazeti na puti."

Muuguzi akashika kifua. "Kumbe kuna watu wanafanya hivyo?"

"Wapo, mama. Hawana haya hata kidogo."

"Sasa nani atalichukua?"

"Nitakusaidia mimi. Kwa roho safi tu."

Roho safi ikakaa benchi. Muuguzi akasema hela hana haja nazo, ila mdogo wake ni fundi rangi na anahangaika na brashi. Je, fundi hana kompresa ya kupulizia?

Anayo. Mama mkwe alimnunulia kwa mafao yake ya uzeeni, akamwapisha mbele ya mashemeji wote kwamba hataiuza wala kuiazima. Kioo akatafakari kiapo hicho kwa muda wa kupiga chafya. Gari likishauzwa, si atanunua kompresa mbili kabla ya magharibi?

"Basi tuandikishane," muuguzi akasema. "Andika mwenyewe ulivyoliona, usije ukasema nimekuficha."

Kioo akachomoa kalamu sikioni, akaandika kwa mbwembwe: amelikagua gari, ameliona limeoza kwa kutu, amelikubali hivyo hivyo. Mwenye duka la dawa akatia sahihi ya shahidi. Kabla ya adhuhuri kompresa ilikuwa imehama.

Mwenye saluni alikuja na sumaku. Siku hizi watu hawana imani kabisa. Akaibandika mlangoni, ikaanguka. Akaibandika ubavuni, ikaanguka. Akaiokota, akaondoka bila kuaga.

 Kioo akachukua bisibisi, akadunga chini ya mlango, ikazama mpaka mpinini. Akavuta gazeti. Lilikuwa na chemsha bongo, imejazwa kwa kijani, kwa mwandiko anaoujua kuliko uso wake. Akalikumbuka gari: lilikuwa jeupe, alilifanyia dalali mmoja miaka miwili nyuma. Palikuwa na swali moja lililomshinda siku ile: "Hula chuma kimyakimya, herufi nne." Visanduku alivyoviacha vitupu sasa vilikuwa na wino wa bluu: KUTU.

Akatoka mbio hadi duka la dawa.

"Mama, umenitapeli."

"Mimi tena?" Muuguzi akakunjua ile karatasi. "Hebu nisomee, mwanangu, macho yangu yamechoka. Si mwandiko wako huu?"

Kioo hakusoma. "Ulinijuaje?"

"Dalali aliponiuzia, mvua ya kwanza tu nikaanza kuokota magazeti yako barabarani. Halafu siku moja nikapita kwako, nikakuona unajaza visanduku. Nani mwingine mtaani anatumia kalamu ya kijani? Mdogo wangu akaazima kompresa, akalibadilisha rangi tu, magazeti nikamwambia ayarudishe yote. Ila lile swali liliniuma, fundi. Mtu mzima, kazi yako mabati, unashindwa?"

Nyuma ya duka kompresa ilikuwa inanguruma. Mdogo wake alikuwa anapuliza rangi mlango aliotoka kuusugua, na palipobaki wazi chuma kilikuwa cheupe kabisa.

Simu ya Kioo ikaita. Mama mkwe, ambaye kila siku hupika huku akisikia kompresa yake uani, alitaka kujua jambo moja tu: mbona leo kimya?

"Shikamoo, mama," Kioo akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa mteja yeyote.