Jeannette wa Kwenye Mukebe

Jumanne, 3 Machi 1953, Nyamitaba

Masanduku mawili ya maziwa ya unga yamefika! Baiskeli yangu nimeiuza kuyalipia, lakini nitanunua motokari. Mke wangu Elisabeth amecheka. Eti nani atanunua maziwa ya mukebe hapa, ng'ombe wakiwa mlangoni? Hajui biashara. Mutu hanunui kitu, ananunua kile anachokiwaza juu ya kitu.

Alhamisi, 5 Machi

Hakuna aliyenunua. Mama Mukasine aligeuzageuza mukebe, akauliza maziwa ni ya ng'ombe gani. Nikasema wa Ulaya. Akasema hanywi maziwa ya ng'ombe asiyemjua jina. Jina! Nikajibu palepale: anaitwa Jeannette, njo huyu kwenye picha ya mukebe, mpole sana. Akanunua. Akili ninayo!

Jumapili, 8 Machi

Baada ya misa, duka limejaa. Wote wanataka ya Jeannette. Wameuliza kama amezaa. Nikasema ndama jike. Vigelegele! Jirani yangu Sebarenzi, muuza maziwa ya kibuyu, amebaki na nzi wake. Nikamsalimia kwa sauti kubwa, wote wasikie.

Jumatano, 11 Machi

Balaa. Nimefungua sanduku la pili. Mikebe yake ina picha ya mutoto muzungu, ng'ombe hakuna! Sebarenzi akatangaza sokoni kwamba Jeannette amekufa.

“Papa Hubert, Jeannette iko wapi?” Mama Mukasine aliniuliza mbele ya watu.

Nikasema amepumzika. Neno gani hilo! Wakaangua kilio. Nani atakunywa maziwa ya marehemu? Wakarudisha hata mikebe iliyofunguliwa, kisha wakakaa matanga uani kwangu, wakamaliza pombe yangu yote ya ndizi. Sebarenzi akawauzia wafiwa maziwa. Uani kwangu! Elisabeth amecheka hadi akashika ukuta.

Jumamosi, 21 Machi, Pinga

Nimehamia huku Walikale, kwenye pori, pamoja na mikebe yangu. Hapa hawafugi ng'ombe, hakuna wa kuuliza majina. Kosa langu lilikuwa lile jina tu, mengine yote nilifanya vizuri.

Nimewaambia wawindaji kwamba unga huu unaondoa woga. Mukubwa wao, Papa Léopold, amefurahi mno. Eti kuna mbogo waliyemjeruhi, amejificha karibu na muto, ana hasira. Kesho asubuhi ninywe vikombe viwili mbele ya kijiji kizima, kisha nitangulie mimi, mikono mitupu. Wao watafuata nyuma, mbali kidogo, waone dawa inavyofanya kazi.

Nimekubali mara moja. Tangazo kama hili, na bure!