Mwizi Anayechaji Betri

Jumatatu, 4 Machi

Kuna mtu anatumia msumeno wangu. Ushahidi sina. Pua ninayo.

Jana jioni niliuacha betri imekufa kabisa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilishikwa na uvivu wa kuichaji. Leo asubuhi nabonyeza, taa zote za betri zinawaka! Betri haijijazi yenyewe. Mke wangu akasema labda niliichaji nikasahau. Nikamweleza kwamba mimi sijawahi kuchaji nikasahau. Mimi husahau kuchaji.

Na wiki yenyewe ndiyo hii. Mama mwenye nyumba anatafuta fundi wa kudumu wa jengo letu. Atatangaza Jumamosi. Kazi inakuja na chumba cha chini, bure, chenye mlango wake na bafu lake. Tunaoshindania ni wawili: mimi, na jamaa wa mtaa wa pili aitwaye Penseli, kwa sababu penseli haimtoki sikioni. Yeye kapewa matengenezo ya upande wa kushoto, mimi wa kulia.

Chumba nakitaka kwa ajili ya mama mkwe. Alikuja kutusalimia kabla ya mvua. Mvua zimeisha, bado anatusalimia, kutoka kwenye kochi la sebuleni. Namheshimu sana. Lakini njia ya bafuni inapita sebuleni, na mwanamume mzima siwezi kukatiza mbele ya mkwe na taulo. Naenda kuoga na suruali, shati na soksi. Nikiikosa kazi hii, mke ameshapanga: Jumatatu ijayo naanza kubeba saruji dukani kwa kaka yake.

Kazi ya kwanza: mlango wa mshonaji unakwaruza sakafu. Nikaung'oa, nikaulaza chini, nikaukata. Msumeno huu mtamu jamani! Mdogo, hauna waya, unashikwa kwa mkono mmoja, wembe unakwenda mbele na nyuma kama ulimi wa mbea. Nikaurudisha mlango. Bado unakwaruza. Nilikuwa nimekata juu.

Nimemwambia mshonaji nafasi ile ni ya hewa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita kwa mshonaji kuona kama hasira zimepoa. Ananishukuru! Anasema jana mchana alitoka, na aliporudi akakuta mlango unafunguka kimya kabisa. Juu umeongezwa ubao. Chini umekatwa, umenyooka kama ulivyotoka kiwandani. Nami jana mchana nilikuwa nimelala.

Adui gani anakutengenezea kazi? Nikainama kukagua. Ukingoni mwa ubao kuna mstari mweusi wa kupimia. Mstari! Nani huchora mistari? Penseli! Nikaupitishia kidole, ukafutika kama masizi. Penseli ya kawaida haifutiki hivyo. Huyu ana penseli maalumu.

Njama nimeiona yote. Anachukua msumeno wangu, anarekebisha kazi zangu kwa siri, ili Jumamosi asimame na kusema zote ni zake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli anakaa mtaa wa pili, lakini maana ni hiyohiyo.

Hatua niliyochukua: chaja nimeificha ndani ya mto wangu. Asiye na chaja hachaji.

Kisha nikaenda kukata bomba la plastiki chini ya sinki la vyumba vya nyuma. Pamebana hapo, msumeno wa mkono hauna pa kwenda wala pa kurudi. Wangu uliingia vizuri, ukala bomba hadi nusu, ukazimika. Betri ilikuwa tupu. Mwizi kaimaliza, na chaja nimeificha mimi. Maji yakaanza kunidondokea shingoni.

Nimeweka ndoo. Nimewaambia wapangaji kazi inaendelea.

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe ameuliza, kupitia kwa mke wangu, kama kuna mtu ameona ile chaja. Eti anataka kuchaji simu. Simu yake ni ya vibonye na tundu lake ni dogo kama la sindano. Chaja ya msumeno ni kubwa kama kiatu. Lakini kumsahihisha mkwe ni utovu wa adabu. Nikaitoa kwenye mto wa kulalia, nikampa kwa mikono miwili. Akanishukuru vizuri sana.

Baada ya chakula cha mchana nikakagua betri. Imejaa! Na chaja nilikuwa nimeshampa mama mkwe! Kwa hiyo mwizi ana chaja yake mwenyewe. Mambo ni makubwa kuliko nilivyodhani.

Nikakimbia kwenye sinki. Bomba limekatwa likaisha, jipya limeungwa, ndoo imekauka na imepinduliwa juu chini. Mpangaji akasema mlango ulifunguliwa na mama mwenye nyumba, yeye alikuwa kazini.

Nikamweleza mke wangu yote. Akaendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Umewahi kufikiria labda ni mama?"

Mama yake mzazi! Mama wa watu anayekaa kwenye kochi tangu asubuhi akilalamika magoti! Nikamwambia achunge ulimi wake. Akasema basi, hajasema kitu. Mtu anayemsingizia mama yake anaficha nini? Nimemwongeza kwenye orodha ya washukiwa, chini ya Penseli.

Mama mkwe ameagiza wanja mwingine. Anasema wa kwanza umekwisha mbio. Umri ule na bado anajiremba! Nimempenda bure.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilipanga kumfuata Penseli siku nzima, nikiwa nyuma ya tangi la maji. Za mwizi ni arobaini.

Wakati natoka, mama mkwe naye akawa anatoka, kwenda kupiga soga na mama mwenye nyumba ghorofani. Ana kikapu kimefunikwa kanga. Nikampokea, ndiyo heshima. Kizito! Kinanichoma ubavuni kila ngazi. Sikuuliza wala sikuchungulia. Mtu hachungulii kikapu cha mkwe. Nikakifikisha mlangoni. Akaniwekea mkono begani.

"Mungu akuzidishie akili, mwanangu," akasema.

Dua nzuri. Nikarudi nyuma ya tangi.

Mara nikasikia sauti ya msumeno wangu kule juu! Naijua sauti ile kama ninavyokijua kikohozi cha mke wangu. Nikatoka mbio hadi upande wa kushoto kumfumania Penseli. Nikamkuta amekaa juu ya debe, anakula mkate. Akanikaribisha. Nikaukataa mkate, kisha nikaukubali ili asishtuke. Mikono yake haina hata vumbi.

Mtu anayekula mkate kwa utulivu hivyo wakati msumeno unalia ana mshirika. Nimekwenda kujificha tena nyuma ya tangi kusubiri mshirika apite. Hakupita mtu, isipokuwa mama mkwe akirudi na kikapu chake. Nikampokea tena.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi ya mwisho, na kubwa: dirisha la chumba cha mbele. Fremu imeoza, inatakiwa itoke bila kubomoa ukuta. Unaingiza wembe kati ya fremu na ukuta, unakata misumari kwa nyuma, fremu inatoka nzima. Kazi ya msumeno huu hasa.

Penseli akapita. Akasimama, akaangalia, akaniambia kwa upole kwamba wembe niliofunga ni wa mbao, meno makubwa, na msumari unataka wembe wa chuma, meno madogo. Akanionyesha hata kwa kidole. Nikamshukuru. Alipoondoka nikaendelea na wembe uleule. Adui akikwambia pita kulia, wewe pita kushoto.

Meno yakaruka. Moja limeingia kwenye kifungo cha shati langu. Nikasukuma kwa nguvu. Fremu ikatoka nusu, na plasta ikaanguka, kipande cha ukubwa wa sinia. Kwa hiyo Penseli alijua nitamshuku, akanipa ushauri wa kweli ili nisiufuate. Kiumbe hatari huyu.

Nikarudi nyumbani na mtego. Nimenunua wino wa mhuri, wa buluu, usiotoka kwa sabuni. Nimeupaka mpini wa msumeno. Kesho atakayekuwa na mkono wa buluu ndiye mwizi. Rahisi hivyo! Kisha nikajilaza kidogo. Nilipoamka, sanduku la msumeno lilikuwa limesogea. Nilicheka peke yangu hadi mke akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mkono wangu ni wa buluu. Nilibeba msumeno asubuhi niende nao kwa mama mwenye nyumba, kama ushahidi. Nilisahau.

Kwa mama mwenye nyumba tulikutana wote barazani. Nikasalimiana na Penseli. Kisha nikamgeuza kiganja mbele ya watu: buluu! Nikapaza sauti kwamba mwizi huyu hapa. Penseli akatazama kiganja chake, akatazama changu, akasema tumetoka kupeana mkono sasa hivi. Maneno ya mjanja. Nikamgeukia mama mwenye nyumba ashuhudie. Mkono wake buluu! Mke wangu buluu! Nikamtazama mama mkwe. Mikono yote miwili, hadi kwenye viwiko.

Nikajiambia maskini, Penseli kamsalimia na yeye.

Mama mwenye nyumba akainua mkono watu wanyamaze. Akasema fundi wake amempata. Ni yule aliyetengeneza mlango, bomba, na jana jioni dirisha, plasta na yote, yeye mwenyewe akiwa amemshikia tochi na kumshangaa. Nikamkazia macho Penseli.

"Ni mkwe wako," akasema. "Chumba ni chake. Na ameomba wewe umshikie ngazi."

Mama mkwe akaeleza kwa ufupi. Marehemu baba mkwe alikuwa seremala. Yeye alipima, mama akakata, miaka yote. Magoti yake hayawezi tena msumeno mkubwa unaotaka ukanyage ubao, lakini huu wangu mdogo anakaa chini na anautumia kwa mkono mmoja. Alitaka kunisaidia tu, nisikose kazi. Kisha mama mwenye nyumba akauliza ni nani hasa anayezifanya kazi, naye hawezi kudanganya; Alhamisi akapanda na msumeno kikapuni, akamwonyesha. Mistari alichora kwa wanja kwa sababu penseli nyumbani hakuna.

Halafu akasema, akiangalia pembeni kwa kunisitiri, "Na mimi nilichoka, baba. Kila asubuhi nakusikia unapita kuoga na viatu."

Soksi. Lakini sikubisha. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto. Nimemtilia shaka kila mtu isipokuwa yule niliyembebea kikapu. Mke akaniuliza polepole kama sasa nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Jumapili, 10 Machi

Nimeelewa sana.

Leo tumemhamisha mama mkwe chumba cha chini. Msumeno amekwenda nao. Aliuomba kwa heshima, ningesemaje? Saruji nimeepuka, kesho nashika ngazi. Leo nimeoga na kupita sebuleni na taulo, nikasimama katikati, nikazunguka. Raha!

Lakini kuna jambo. Nani alikuja kubeba kitanda cha mama mkwe? Penseli. Hakuitwa. Mtu aliyenyimwa kazi anabebaje kitanda cha aliyempokonya, tena akicheka? Akamtengenezea na rafu. Akatoa penseli sikioni, akampa mama mkwe, eti asimalize wanja wake. Mama mkwe akaipokea akitazama chini. Ana miaka mingapi huyu bwana? Mke wake alifariki lini? Nimeulizia. Zamani.

Sasa nimeiona njama yote. Hakuutaka msumeno. Hakukitaka chumba. Anataka kuwa baba mkwe wangu! Halafu nitaogaje?

Nimemwambia mke. Amejifunika shuka hadi kichwani.

Hata hivyo sijashindwa. Sanduku la msumeno limebaki kwangu. Ni tupu, lakini wao hawajui ninalo. Nimelipandisha juu ya kabati, nimelifunga uzi, na mpini wake nimeupaka wino.

Kesho nitamkagua Penseli mikono.