Kanzu kwenye Tamasha la Katana Radi

Leo nimejivua nguo hadharani, na kanzu nilikuwa nimeivaa.

Naandika mwenyewe kwa sababu najua wengi wenu mmeshaitazama ile video, na ambao hamjaitazama mtatumiwa kabla ya isha. Bora mnisikie mimi kwanza. Nina hasira. Nina hasira na waandalizi, nina hasira na fundi wa spika, na zaidi ya wote nina hasira na mzee mmoja wa Msambweni ambaye ni mimi.

Mwajua kuwa mke wangu, Mwanamisi, alifariki kabla ya mfungo. Tangu siku hiyo kila anayepiga hodi ananiambia nivute subira. Nimeivuta mpaka imekatika. Mwanamume wa huku hapigi kelele msibani, na msiba ukishapita ndiyo kabisa. Unakaa, unaitikia, unashukuru kwa kuja kwao.

Halafu kuna Riziki, binti yangu. Amehama Likoni kuja kunitunza, na ananitunza hasa. Chumvi kaificha. Redio kaichukua, ati majirani watasema mfiwa gani huyu wa makelele. Nikikawia msalani, anagonga mlango. (Mimi, fundi wa umeme niliyewasha nusu ya hoteli za Diani, leo naulizwa kama nimezima taa ya chumbani.)

Sasa, Katana Radi. Vijana hamumjui. Anapiga roki, na gitaa lake linalia kama bati linalopasuliwa. Nilimsikia mara ya kwanza hotelini nilipoitwa kutengeneza fyuzi aliyoiunguza yeye mwenyewe. Nikanunua kanda yake siku hiyohiyo. Mwanamisi aliiita mashine ya kusaga mahindi. Lakini nilipokuwa kazini alikuwa akiipiga peke yake. Nilijua, maana nikirudi nilikuta imegeuzwa upande wa pili. Hakukiri hata siku moja.

Nikasikia kuwa Katana Radi atapiga Diani leo, uwanjani, bure, baada ya alasiri. Nikasema hapo ndipo pangu. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo mtu mzima anaweza kupiga kelele na asiulizwe ana nini. Riziki nikamwambia nimealikwa maulidi Ukunda. Ndiyo maana ya kanzu, kofia na udi. (Aliniwekea udi kwa mkono wake. Hilo nalo linanikera.)

Langoni akanipokea msichana wa bara aliyevaa fulana ya waandalizi. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mzee, wewe ndio ule maalim wa dua? Tumekungoja sana."

Ningesema hapana. Lakini nyuma yake niliona umati umejazana juani, na mbele kabisa, chini ya hema, kiti kimoja kitupu chenye mto. Nikajibu, "Nimefika."

(Na kweli nilikuwa nimefika.)

Nikakalishwa. Nikaletewa maji baridi, nikaletewa soda. Jukwaa lilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuzihesabu nyuzi za gitaa. Maalim mwenyewe, nimekuja kusikia baadaye, alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari. Mungu amlipe.

Mshereheshaji akatangaza, nikapewa maiki. Hapo bado ningeweza kukiri. Badala yake nikasoma Fatiha, nikaiombea nchi mvua, nikawaombea wavuvi na vijana wasio na kazi. Dua yenyewe ilikuwa safi, na niliyaomba yale kwa moyo. Kila nilipotua, watu wakaitikia amin. Hata wazungu wawili waliobabuka kwa jua waliitikia. Nikaona utamu. Nikawaambia, "Sijawasikia." Wakaitikia kwa nguvu zaidi. Nikawafundisha hivyo mpaka uwanja mzima ukawa unanijibu kama darasa la chuo cha Kurani.

Nikarudi kitini na ile maiki. Hakuna aliyeniomba niirudishe, nami sikuitazama kama imezimwa. Fundi wa umeme, jamani.

Katana Radi akapanda. Amezeeka kama mimi, magoti yamemlegea, lakini alipolipiga lile gitaa, kifua changu kikafunguka. Sijui niseme vipi. Tangu mazishi nilikuwa natembea na kitu hapa, kama tonge lililokwama, na kile kishindo kikalisukuma. Nikasimama. Kofia ikaanguka, nikaiacha. Nikaanza kupiga kelele na yeye. Kwanza bila maneno. Kisha maneno yakaja, na yakaja kwa Mwanamisi. Nikamshtakia yote, chumvi, redio, mlango wa msalani. Ngumi nilikuwa nimeikunja chini ya kidevu, na ndani ya ngumi mlikuwa na maiki.

Kwenye kanda, wimbo ule haukatiki katikati. Leo Katana Radi akaukata. Ngoma, gitaa, vyote vikanyamaza kwa mpigo mmoja, ili ati watu washangilie. Na katika ukimya ule spika za Diani zikasema, kwa sauti ya mzee fulani:

"Mwanamisi! Mwanao amenichosha! Rudi umchukue!"

Kwanza nilidhani ni mtu mwingine. Nikageuka kumtafuta.

Na uwanja mzima, niliousomesha mwenyewe, ukaitikia, "Aaamin!"

Wakacheka sana. Katana Radi naye akacheka, akainama ukingoni mwa jukwaa. "Maalim, huyo Mwanamisi yuko wapi? Tumwite aje amchukue mtoto wake."

Ningenyamaza. Kwa nini sikunyamaza? Miaka yote natamani kusemeshwa na mtu yule, na swali lake la kwanza likawa hilo. Nikamjibu, "Amekufa."

Maiki ilikuwa ingali wazi.

Kicheko kikakauka. Mama mmoja mwenye buibui akasema "Astaghfirullah" na kumvuta mtoto wake kando, kana kwamba naweza kumwombea na yeye achukuliwe. Nikaiweka maiki kitini, nikaokota kofia, nikatoka. Wimbo ukaendelea nyuma yangu. Nikausikiliza mpaka barabarani, na nawaambia ukweli, nilikuwa bado nausikia kifuani.

Njiani nikapanga la kumwambia Riziki. Kumbe video imenitangulia. Nikamkuta barazani, simu mkononi, macho mekundu. Shikamoo hakunipa.

"Baba," akasema, "Diani nzima imeitikia amin."

Nikamwambia sikukusudia hivyo mwanangu. Nilimaanisha mama yako aje akuondoe kwangu kidogo tu, akupeleke Likoni, nipumzike na wewe upumzike. Nikamwambia nimekuwia radhi, duniani na akhera, na maneno yale nimeyafuta mbele ya Mungu.  Mzee mzima nikasimama ngazini nimeshika kofia kama mtoto aliyefukuzwa chuoni.

Akaiweka simu chini. Kisha akasema, "Mimi humwambia mama hivyo hivyo kila asubuhi nikikuandalia chai. Rudi umchukue mumeo."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka, lakini mimi nilimaliza nikilia, na kwa sauti, barazani, majirani wakisikia. Hakuniambia nivute subira. Aliniletea maji.

Kwa hivyo tuko wawili humu ndani, kila mmoja kamwombea mwenzake kifo, na bado tunapishana jikoni. Cheka atakaye, sitamzuia. Nawasihi jambo moja tu, nyinyi mnaoandika "amin" chini ya ile video. Acheni. Binti yangu ni mzima na mimi bado namhitaji.