Mashujaa Wawili na Machozi ya Kuomba

Jumatatu, 3 Machi
Mjukuu wangu anaigiza! Jumamosi, ukumbini, watakufa mashujaa wawili. Wa kwetu ni mchimba kisima aliyeapa hanywi mpaka kijiji kizima kinywe. Kafa kwa kiu ukingoni mwa kisima chake. Huyo ndiye mjukuu wangu. Mwingine ni mfalme wa ng'ambo. Kapotea akitoka vitani, kaona haya kumuuliza mchunga mbuzi njia, kafa kwa baridi nyuma ya ukuta wa nyumba yake. Mjinga! Huyo ni mjukuu wa jirani yangu msusi, mdomo kama cherehani. Watu watawalinganisha, kisha mwigizaji mmoja achukuliwe na kikundi kinachozunguka mijini. Mmoja tu. Mjukuu wangu, binti wa watu, hali wala halali kwa wasiwasi.

Jumatano, 5 Machi
Msusi kasema shujaa wangu kafa kwa ukaidi, si angepiga funda moja tu? Nikamwambia wake kafa kwa kiburi. Akasema bora kiburi, kina taji. Jibu nililipata nimeshafika jikoni. Mimi naona wote wawili walikufa kwa kukosa bibi. Mmoja ningemnywesha kwa kofi, mwingine ningemfikisha kwake kwa sikio.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata mashoga zangu watatu, bibi wenzangu, wa kuja kulia. Tumefanya mazoezi uani. Mmoja analia kama mbuzi, ila sauti anayo. Nimewaambia: wa kwanza kudondoka, lipukeni! Wa kwetu lazima atangulie, mgeni husubiri. Mjukuu akataka kunieleza mpangilio. Nikamkatiza. Nifundishwe na mtoto niliyemwogesha?

Jumamosi, 8 Machi
Aibu! Katangulia mfalme! Nikawakonyeza mashoga. Wapi, wamefumba macho, wanagaagaa. Ukumbi mzima ukaambukizwa, hata bawabu. Na yule mjukuu wa msusi, kabla ya kuanguka, alikuwa kapapasa ukuta wa nyumba yake, kainua mkono, asibishe hodi. Sijui ilikuwaje, nikamlilia na mimi. Msusi akanigeukia, akanishukuru kwa heshima zote. Ningemeza kilemba changu.

Mjukuu wangu alipotoka, machozi yalishakwisha ukumbini. Akawagawia watu maji, kata moja moja, akicheka nao. Akaanguka. Hakuna hata kwikwi. Ndoo ikabingirika jukwaani, tukaisikia mpaka iliposimama. Nimemponza mtoto wangu.

Jumapili, 9 Machi
Kachukuliwa! Mkuu wa kikundi kaja mwenyewe mpaka mlangoni. Kasema vilio kavisikia kumbi nyingi, lakini ukumbi uliosahau kupumua, jana ndiyo mara ya kwanza. Mjukuu kanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Kala sahani mbili.

Nikamweleza yule mkuu kwamba hiyo ilikuwa mipango yangu: machozi yote yaishie kwa mfalme, kimya kibaki kwetu. Akaniangalia sana. Msusi anasema naongopa. Wivu! Sasa nasikia mchezo wao ujao ni wa kuchekesha. Nimeshawaita mashoga uani, kesho asubuhi tunaanza kucheka.