Sukutuo la Taifa na Gego la Mkurugenzi

Umma ulitangaziwa kwa furaha kubwa kwamba maumivu ya meno yamefutwa rasmi, kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi. Mkurugenzi wa Vinywa alisoma tangazo mwenyewe kwenye ngazi za hospitali, akiwa ameinua juu chupa ya Sukutuo la Taifa: maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya kijani ili yaonekane yamesoma.

Nyuma yake daktari wa meno alipiga makofi kwa ncha za vidole. Ndiye aliyeongoza utafiti, kwa maana kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya ripoti. Watu mia mbili waliulizwa kama Sukutuo limewaondolea maumivu. Wote walikuwa watumishi wa Mkurugenzi, muulizaji alikuwa Mkurugenzi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiumwa jino. Mafanikio yalikuwa asilimia mia.

"Mheshimiwa," daktari alijaribu, "wagonjwa wenyewe hatujawauliza."

"Mgonjwa ana upendeleo. Jino linamchoma, atasemaje neno la haki? Tumehoji watu wenye utulivu."

"Na kundi la kulinganisha? Wale wasiotumia Sukutuo?"

"Hao wakaidi. Mkaidi halinganishwi na mtu."

Siku hiyohiyo Mkurugenzi akatoa waraka, na dawa ya ganzi ikafungiwa stoo, kwa kosa la kuchafua takwimu.

Daktari akaendelea kung'oa meno kitaalamu. Mshona nguo mmoja, mama wa makamo, alisukutua, akakaa kitini. Koleo lilipogusa jino tu, akamdaka daktari tai.

"Baba, hii ya kijani inaanza kazi lini?"

"Imeshafanya, mama. Asilimia mia."

Daktari alijiona mwongo, na hakukosea. Mama akatoka, jino lake bado kinywani, akaenda kukaa koridoni na wenzake waliokuwa wakitafuta ujasiri.

Alhamisi Mkurugenzi aliingia bila msafara, shavu limevimba kama mto wa kulalia.

"Gego," alinong'ona. "Nichome ganzi. Chapuchapu!"

"Tuna Sukutuo, mheshimiwa."

"Usinitanie, kijana!"

Wakaongozana hadi stoo. Mtunza stoo, mtu wa kanuni, hakuinuka. "Waraka wako unasema ganzi haitoki bila ushahidi mpya."

"Ushahidi si mimi hapa? Nakufa!"

"Mtu mmoja si sampuli. Halafu una maslahi binafsi."

Daktari alikohoa kumeza kicheko. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu utafiti uanze, akashauriwa na dhamiri yake. "Koridoni wapo wanaoumwa kweli," alisema. "Tuwaulize wote, asirukwe mtu."

Basi Mkurugenzi akapita benchi hadi benchi, shavu mkononi, akibembeleza. "Shangazi, tafadhali, inauma? Sema ukweli tu."

Mshona nguo alimtazama kwa huruma. "Inauma, mwanangu. Tulikuwa tunangoja mtu wa kutuuliza."

Wote waliafiki. Baadhi walitoa maelezo ya ziada, yasiyofaa kuchapishwa.

Stoo ikafunguliwa. Mkurugenzi akakimbilia kiti, kinywa wazi kama geti. Daktari akavaa glavu, akampita, akachungulia koridoni.

"Anayefuata!"

Mshona nguo akainuka, akamgusa Mkurugenzi begani. "Mwisho wa foleni ni kule, mwanangu, karibu na choo. Usijali, tuko wachache."

Walikuwa wamejaza mabenchi manne.